Skauti Visiwani na Watoto Wetu wa Tumbe

Wengi wetu tukisikia skauti hukumbuka gwaride: watoto wamevaa kaki, skafu shingoni, wanapiga saluti siku ya sherehe. Lakini historia yake hapa Visiwani ni ndefu, na katikati ina mkato ambao wazee hawapendi sana kuuzungumza.

Baden-Powell, Mwingereza, alipiga kambi ya kwanza na vijana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907. Mwaka 1912 skauti ilikwishafika Unguja. Tanganyika ikaipata 1917. Kwa hili sisi ndio tuliotangulia. Kijana wa Tumbe, lakini, kufunga kamba na kusoma upepo alifundishwa na baba yake baharini, bila ya skafu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 skauti ilipigwa marufuku, na watoto wakaingizwa katika vikundi vya Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi. Huko nako walijifunza gwaride, usafi na kujitolea. Hatuwezi kusema hawakupata kitu. Ila skafu ilikuwa ya chama, na hapo ndipo penye maneno.

Sisi watu wa Pemba tunajua chama kikiingia ndani ya nyumba kinafanya nini. Baada ya uchaguzi wa 1995 walikuwapo watu kisiwani waliosusiana dukani, harusini, hata mazikoni, na watoto wakiyaona yote. Maridhiano ya 2010 yalipoza mengi. Skauti haifungamani na chama chochote cha siasa, na kanuni yake inasema skauti ni ndugu wa kila skauti mwenzake. Mtoto wa nyumba hii na wa nyumba ile wanalala hema moja, wanapika chungu kimoja. Kwetu hilo ni kubwa kuliko gwaride.

Kisha kuna bahari. Tangu Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikija Pemba, hakuna wa kutueleza thamani ya kijana anayejua huduma ya kwanza.

Mchango wa mwaka huu, ndugu zetu mlioko Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Maskati, tumeupangia kamba, maboya, sanduku la dawa, na mahema ya wavulana na ya wasichana mbalimbali. Kambi itakuwa likizo ya Disemba, jirani na magofu ya Chwaka. Mafundo watafundisha wavuvi wa dikoni. Wamekubali, na malipo wamekataa.