Waliapa Ufukara, Wakamiliki Kondoo Elfu Kumi

Kila nikiona mtawa huwa najiuliza swali la kimbea: huyu bill zake analipa na nini? Mshahara hana, na ameapa kutomiliki kitu. Lakini paa lake halivuji. Sasa nani anagharamia?

Hebu twende Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mwishoni mwa Desemba 1132. Watawa 13 wametoka abasia yao mjini York kwa sababu wanaona maisha huko yamelegea. Wanapewa bonde la mawe na miiba. Hapo ndipo ilianza abasia ya Fountains. Baadaye kidogo wakajiunga na Wasistersiani, shirika lililozaliwa Cîteaux, Ufaransa, mwaka wa 1098. Msimamo wa hao ulikuwa mkali: hakuna kuishi kwa kodi za wakulima, hakuna kupokea fungu la kumi. Kula jasho lako.

Msimamo safi kabisa. Shida ni kwamba mtawa anasali mara saba mchana na tena usiku. Shamba ataenda saa ngapi? Kwa hivyo wakachukua mabruda walei, wengi wao watu wa kijijini wasiojua kusoma. Nao waliweka nadhiri, lakini walikaa upande wao wa kanisa, na kumchagua abati hawakuruhusiwa. Hao ndio waliolima, wakachunga, wakakata manyoya. Ile "jasho lako" ilikuwa jasho la bruda. Mimi hapo ndipo huwa nakwama na hawa watawa.

Matajiri nao walizidi kuwapa ardhi ili waombewe, na ardhi ya vilima inafaa nini kama si kondoo? Francesco Pegolotti, aliyefanyia kazi kampuni ya Bardi ya Florence, aliandika orodha ya abasia za Uingereza zinazouza sufu. Fountains inasimama kwa magunia 76 kwa mwaka, na gunia moja ni karibu kilo 165. Hiyo ni sufu ya zaidi ya kondoo elfu kumi. Ufukara gani huo?

Halafu Waitaliano wakaja na ofa tamu: tunakulipa leo, sufu utatuletea miaka ijayo. Kama umewahi kukopa kwa simu ukingoja mshahara, unajua stori inaelekea wapi. Pesa ikaliwa kwa majengo. Miaka ya 1270 upele ukaingia kwa kondoo, wakafa kwa wingi, na mkataba hausomi habari za upele. Abasia zingine zikawa zinanunua sufu ya majirani ili zijaze magunia, jambo ambalo shirika lenyewe lilikuwa limekataza. Fountains ikazama kwa deni mpaka mfalme akaiweka chini ya uangalizi wake.

Wengine watasema walikuwa wanafiki. Sioni hivyo. Kila mtawa mmoja mmoja alikuwa maskini kweli, hata kanzu haikuwa yake. Nadhiri ilimfunga mtu, haikufunga abasia, na huo mwanya ulitosha kupitisha kondoo wote hao.

Mwaka wa 1539 Henry VIII aliifunga Fountains, na mwaka uliofuata mali yake ikauzwa. Mnunuzi alikuwa Richard Gresham wa London. Kazi yake? Mfanyabiashara wa vitambaa.