Shabaiti Isiyo na Shaba: Majina ya Elementi Adimu na Historia ya Katanga

Mwaka 1989, wanamineralojia wawili wa Ubelgiji, Michel Deliens na Paul Piret, walitangaza madini mapya yaliyopatikana katika mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi. Waliyaita shabaiti-(Nd). Msemaji wa Kiswahili alisikiapo jina hilo hudhani kwamba ni madini ya shaba. Sivyo. Madini hayo ni kabonati yenye kalsiamu, uraniamu na elementi adimu, hasa neodimiamu. Shaba haimo katika fomula yake. Shaba inayotajwa hapa ni jimbo, si metali. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi neno hilo la Kiswahili lilivyoingia katika orodha ya majina ya sayansi, na mafunzo yatokanayo na safari yake.

Historia ya elementi adimu ilianzia Sweden. Mwaka 1787, afisa wa jeshi Carl Axel Arrhenius aliokota jiwe jeusi, zito, katika machimbo ya Ytterby. Mwaka 1794, mkemia Johan Gadolin alitambua ndani yake “udongo” usiojulikana. Wakati huo wakemia waliita udongo kila oksidi isiyoyeyuka katika maji wala kugeuzwa na moto. Ndiyo asili ya istilahi ya Kifaransa, terres rares. Kilichogunduliwa kwanza, basi, kilikuwa oksidi. Metali yenyewe ilitengwa baadaye. Tofauti hiyo imehifadhiwa katika viishio vya majina: itria ni oksidi, itriamu ni metali, seria ni oksidi, seriamu ni metali. Kutokana na jina la Ytterby peke yake zilipatikana elementi nne: itriamu, terbiamu, erbiamu na iterbiamu.

Majina mengine yalitunza kumbukumbu ya ugumu wa kazi. Mwaka 1839, Carl Gustaf Mosander aligundua elementi iliyojificha ndani ya seria, akaiita lanthanamu, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kujificha. Mwaka 1841 alitangaza nyingine, didimiamu, yaani pacha. Lakini mwaka 1885, Carl Auer von Welsbach wa Vienna alithibitisha kwamba pacha huyo alikuwa wawili: praseodimiamu, pacha wa kijani, na neodimiamu, pacha mpya. Didimiamu ikafutwa katika orodha ya elementi. Hata hivyo, jina lake likaendelea kuishi ndani ya majina ya hizo mbili.

Katanga iliingia katika historia hii kwa njia ya migodi yake ya shaba, kobalti na uraniamu. Mwaka 1947 yalielezwa madini ya schuilingiti, yaliyopewa jina la mwanajiolojia wa Union Minière. Mwaka 1982, Shinkolobwe ilitoa lepersonniti-(Gd) na bijvoetiti-(Y), yenye majina ya mwanajiolojia Mbelgiji na mtaalamu wa fuwele wa Uholanzi. Kisha ikaja zamu ya Kamoto: kamotoiti-(Y) mwaka 1986, françoisiti-(Nd) mwaka 1988, shabaiti-(Nd) mwaka 1989, na astrosianiti-(Ce) mwaka 1990. Herufi zilizo katika mabano hufuata kanuni iliyopendekezwa na A. A. Levinson mwaka 1966: huonyesha elementi adimu iliyo nyingi kuliko wenzake.

Tukichunguza majina hayo, tunaona makundi matatu. Kuna majina ya watu, na wote ni Wazungu. Kuna jina la umbo na rangi, astrosianiti, yaani nyota ya buluu. Na kuna majina ya mahali, Kamoto na Shaba. Wachimbaji walioyatoa mawe hayo ardhini hawakutajwa. Nchi yao ndiyo iliyotajwa. Ajabu ni kwamba schuilingiti na astrosianiti zina shaba ndani yake, ilhali ile iitwayo shabaiti haina.

Jina la jimbo nalo lina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya siasa ya uhalisi ya Mobutu, jina la Katanga, lililokumbusha kujitenga kwa mwaka 1960 hadi 1963, liliondolewa, na mahali pake likawekwa Shaba. Halikuchaguliwa neno mukuba, lenye maana hiyohiyo katika Kibemba, bali neno la Kiswahili, lugha ya miji yote ya migodi. Mwaka 1997 jina la Katanga lilirudishwa. Mwaka 2015 jimbo likagawanywa mara nne, na Kamoto ikawa katika Lualaba. Jimbo la Shaba halimo tena katika ramani yoyote ya utawala, lakini shabaiti imebaki. Kama ilivyokuwa kwa didimiamu, jina limeishi kuliko kitu kilichoitwa.

Watunga kamusi na wafasiri hawana budi kuzingatia mambo mawili. Kwanza, shabaiti isifasiriwe “madini ya shaba”, kwani kufanya hivyo ni kupotosha kemia na kufuta historia kwa pamoja. Pili, terres rares isigeuzwe neno kwa neno kuwa “ardhi adimu”. Si ardhi, bali ni oksidi. Wala si adimu zote, maana seriamu katika gamba la dunia inakaribia wingi wa shaba yenyewe. Inafaa kusema “elementi adimu” inapokusudiwa metali, na “oksidi za elementi adimu” inapokusudiwa kile alichokiona Gadolin. Leo neodimiamu hutumika katika sumaku za mota za magari ya umeme, na mwanafunzi wa Lubumbashi atakutana nayo mara nyingi zaidi kuliko mwalimu wake. Anastahili kuikuta katika Kiswahili kisichompoteza.