Usukani Ukiwa Mzito, Usiulaumu Mkono

Wasee, leo hakuna siasa na hakuna drama za mastaa. Leo ni historia ya kachombo kadogo ka majini, na historia ya mkono wangu wa kulia, ambao kwa siku mbili ulikataa kushika hata simu.

Desemba iliyopita nilishuka Kilifi kwa binamu yangu. Ana kayaki ya plastiki ambayo alikuwa ameichomekea mlingoti wa mwanzi na tanga la turubai. Usukani hakukuwa. Mmoja anakaa nyuma, anatumbukiza kafi majini na kulishikilia, basi hilo ndilo usukani. Nikasema hii ni kazi rahisi, nipeni mimi.

Maze! Upepo ulipoamka, ile kayaki ikawa kama punda aliyeona nyasi kando ya barabara. Kila upepo ukiongezeka, mbele inageuka yenyewe kuutazama upepo. Navuta kafi, inageuka. Navuta zaidi, inageuka zaidi. Binamu anapiga kelele, "Kaza mkono, buda!" Na maji yalikuwa yanakupwa, yanatuvuta polepole kuelekea bahari kuu. Sikuwa nacheka wakati huo.

Mzee mmoja akaja na ngalawa yake, akatutupia kamba. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuangalia tu. Kisha akasema, "Wanangu, mnashindana na tanga lenu wenyewe. Mlingoti mmeuweka nyuma mno." Basi. Hakutuambia tuongeze nguvu.

Hayo maneno yalinikaa kichwani, na kuna sababu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu siku hiyo kila mtu ana ushauri mmoja kwangu: jikaze. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama mlingoti ulikuwa mahali pake. Kwa hivyo niliporudi Nairobi nikaanza kusoma. Ni nani walihangaika na shida hii kabla yangu, na waliitatua vipi?

Tuanze 1865. Mskoti mmoja, mwanasheria John MacGregor, alijengewa mtumbwi mdogo wa mwaloni akauita Rob Roy. Urefu kama mita 4.5, upana sentimita 71, uzani kama kilo 36. Akazunguka nao mito na maziwa ya Ulaya, akaandika kitabu kilichotoka 1866, na mwaka huo huo klabu ya mitumbwi ikaanzishwa Uingereza. Rob Roy ulikuwa na tanga dogo, lakini haukuwa na usukani. Jamaa aliongoza kwa kafi, kama mimi Kilifi. Kwa mto unaoteremka, hiyo inatosha. Lakini ukitaka kusafiri kwa tanga hasa, hesabu inakataa: mkono mmoja unashika kamba ya tanga, mwingine unashika kafi, na ukiwashwa pua utajikuna na nini?

Akatokea Warington Baden-Powell. Jina la ukoo mnalijua. Mdogo wake, Robert, ndiye mwanzilishi wa Skauti, yule aliyezikwa Nyeri. Warington aliipenda mitumbwi ya tanga kupita kiasi, akatengeneza mmoja baada ya mwingine, yote akiipa jina la Nautilus. Mitumbwi ya kizazi chake ilipata usukani nyuma, na usukani huo uliongozwa kwa miguu. Fikiria ni wazo dogo kiasi gani. Umekaa ndani ya mtumbwi, umenyoosha miguu, na miguu haina kazi yoyote. Ipe kazi! Mikono ikabaki huru kwa tanga. Hakuna aliyeongezewa misuli hapo, kazi imegawanywa tu vizuri.

Sasa hapa ndipo story inanoga. Mwaka 1886 Warington alivuka Atlantiki kwenda Marekani kushindana. Mtumbwi wake ulibeba uzito wa kuutuliza, naye alikaa ndani, chini, kistaarabu. Wamarekani wao walikuwa wamepanda juu, wamekaa ukingoni na miili yao imening'inia upande unaotoka upepo. Wamarekani wakashinda.

Wengi husema walishinda kwa sababu mitumbwi yao ilikuwa myepesi. Kweli, lakini kuna kitu kingine, na ndicho kilichonimaliza mimi Kilifi. Chombo cha tanga kikilala upande, nguvu ya tanga inahama kutoka katikati na kuangukia nje, upande ule kilikolalia. Ni kama kusukuma mkokoteni kwa kona moja tu: lazima uzunguke. Chombo kinageuka kuelekea upepo, na wewe unalazimika kuupinda usukani ili kukirudisha. Usukani uliopindwa muda wote ni breki. Unaumia, na bado unaenda polepole. Wale Wamarekani, kwa kutoa miili yao nje, waliufanya mtumbwi usimame wima, na usukani ukawa mwepesi bila mtu kuugusa.

Lakini ukitoka nje ukakaa juu, miguu haifikii tena usukani. Jibu la mguu likafa siku hiyo hiyo. Ikabidi kuwe na kana, yaani ule mkono wa kuongozea usukani, juu ya sitaha. Kisha Paul Butler wa mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts, mtu mwenye mwili mdogo asiye na uzito wa kushindana na majitu, akaja na ubao wa kukalia unaoteleza kutoka upande mmoja hadi mwingine, ili akae nje zaidi ya wote. Na kwa sababu sasa alikuwa mbali kabisa na usukani, akatengeneza kana inayoteleza pia, imfuate alipo. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Usukani ndio uliomfuata mtu, si mtu kuufuata usukani.

Ati basi miguu ilikosea? La. Mwaka 1956 daktari Mjerumani, Hannes Lindemann, alivuka Atlantiki kutoka Visiwa vya Canary hadi Karibi kwa kayaki ya kukunja ya mita 5.2, yenye matanga. Siku 72, peke yake. Usukani wake? Miguuni. Mtu aliyebanwa ndani ya kayaki hawezi kupanda ukingoni, kwa hivyo miguu ndiyo jibu lake. (Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amevuka bahari hiyo hiyo kwa mtumbwi wa gogo uliochongwa Liberia. Hiyo iweke akilini ukisikia mtu anadharau mitumbwi yetu.)

Na hapo ndipo nilipoona aibu kidogo. Ile ngalawa ya yule mzee ina mabao pande zote mbili, yale yanayoelea kando. Kazi yake ni kuizuia isilale. Yaani kile ambacho Warington alishindwa nacho Marekani, mafundi wa pwani yetu walikijibu kwa mbao na kamba. Mimi nilihitaji Mskoti, Mwingereza, Mmarekani na Mjerumani ili nielewe sentensi moja ya mvuvi wa Kilifi. Tunapofundishwa historia tunakariri nani alifika Malindi mwaka gani. Hatuulizi chombo kilichomfikisha kiliongozwa vipi, na nani alijua kukiongoza.

Aprili nikarudi. Tulisogeza mlingoti mbele shubiri mbili. Tukapunguza tanga. Anayekaa nyuma akasogea nyuma zaidi kidogo, maana uzito ukikaa mbele sana, mbele inazama na kayaki inazidi kuufuata upepo. Mwisho tukafunga usukani wa ubao na kamba mbili hadi miguuni, kama mitumbwi ya enzi za Warington. Tukatoka siku yenye upepo ule ule. Kafi lilikaa mapajani pangu karibu safari nzima. Nilikuwa nakula korosho.

Sasa msikimbilie komenti kuandika kwamba nawaambia watu waache chuo. Sijasema kuacha chuo ni kusogeza mlingoti. Wakati mwingine ni kuruka majini tu, na kuna usiku mwingi najiuliza mimi nilifanya lipi. Lakini mtu akikuambia amechoka, ameshikilia kwa nguvu zake zote na bado anageuzwa, usianze na "kaza mkono". Uliza kwanza mlingoti wake uko wapi. Mzee alituuliza sisi, na ndiyo maana nimerudi nchi kavu kuandika hii.