Henri IV Akicheza na Wanawe

Mchoro huu wa rangi za mafuta ulichorwa Roma mwaka 1817 na Jean-Auguste-Dominique Ingres, Mfaransa mzaliwa wa Montauban. Unamwonyesha Mfalme Henri IV wa Ufaransa akiwa ameinama sakafuni kwa magoti na viganja, mwanawe kampanda mgongoni. Malkia Marie de Médicis ameketi karibu. Mara balozi wa Hispania anaingia na kumkuta mfalme katika hali hiyo. Kwa mujibu wa kisa kinachosimuliwa, Henri hakuinuka. Alimuuliza mgeni kama naye ana watoto, na alipojibiwa kuwa anao, akaendelea kuzunguka chumba na mzigo wake.

Turubai lenyewe ni dogo, na udogo huo unalifaa tukio la ndani ya nyumba. Ukutani Ingres ametundika Bikira Maria wa Raphael, mchoraji aliyemhusudu kuliko wote. Mama huyo aliyempakata mwanawe anaikumbusha hadhira kwamba mapenzi ya mzazi ni jambo takatifu, hata mzazi akiwa mfalme.

Lakini faragha hii ilikuwa na kazi ya kisiasa. Aliyeagiza mchoro ni Blacas, balozi wa Ufaransa na mtu wa karibu wa Mfalme Louis XVIII. Ukoo wa Bourbon ulikuwa umerudi madarakani baada ya Mapinduzi ya Ufaransa na utawala wa Napoleon, nao ulihitaji kupendwa upya. Henri IV, Mbourbon wa kwanza kutawala Ufaransa, aliyetoa Amri ya Nantes mwaka 1598 kuwapa Waprotestanti haki ya kuabudu kisha akauawa kwa kisu mwaka 1610, alikumbukwa kama baba wa taifa. Sanamu yake pale kwenye daraja la Pont Neuf, Paris, iliyovunjwa mwaka 1792, ilisimamishwa tena mwaka 1818. Mchoraji Pierre Révoil naye alichora kisa hichohicho cha mfalme na wanawe.

Nguvu ya Ingres ni kwamba siasa hiyo haikuua upole wa tukio. Balozi amesimama kwa heshima zote za kikazi, ilhali mfalme yuko chini, wala hana haya.

Leo mchoro huo umo katika jumba la makumbusho la Petit Palais, Paris, pamoja na mwenzake wa 1818 unaomwonyesha Leonardo da Vinci akikata roho mikononi mwa Mfalme François I.