Asili ya Neno la Kifaransa "Rien"

Neno la Kifaransa rien, linalotumika kila siku kwa maana ya "hakuna kitu", limetokana na nomino ya Kilatini yenye maana iliyo kinyume chake. Nomino hiyo ni res, yaani "kitu", "jambo" au "mali", ileile ipatikanayo katika res publica, "jambo la umma".

Umbo lililorithiwa ni rem, lililotumika nomino ilipokuwa yambwa. Irabu e, ikiwa fupi na yenye mkazo, iligeuka kuwa ie. Nayo m ya mwisho, ambayo aghalabu ilidondoka, ilisalia kama n kwa kuwa neno lilikuwa la silabi moja.

Mabadiliko hayo ya sauti, hata hivyo, hayaelezi kugeuka kwa maana. Katika Kifaransa cha kale rien lilikuwa nomino ya jinsi ya kike, nalo lilimaanisha "kitu". Kazi ya kukanusha ilikuwa ya ne. Rien liliongezwa ili kuutilia nguvu ukanushi huo, kama yalivyoongezwa pas, "hatua", mie, "chembe ya mkate", na goutte, "tone". Kwa kuandamana na ne karne baada ya karne, rien liliambukizwa ukanushi. Leo, katika mazungumzo, ne hudondoshwa mara nyingi na rien likakanusha peke yake. Mwendo wa namna hii ulielezwa na Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, mwaka 1917.

Lugha jirani zilifuata njia hiyohiyo. Kikatalani kina res, "hakuna kitu"; nacho Kihispania kina nada, litokanalo na res nata, "kitu kilichozaliwa". Katika Kihispania nomino ilitoweka, sifa yake ikabaki.

Kiswahili nacho husema "sikuona kitu", lakini "kitu" hakijageuka. Hapana shaka inafaa kukumbuka kwamba kikanushi cha Kiswahili kimefungamana na kitenzi chenyewe, wala hakidondoki kwa urahisi kama ne.

Maana ya kale ingalipo katika sans rien dire, "bila kusema kitu". Basi afasiriye maandiko ya kale kwa maana ya leo huweza kuyapindua. Na ashikiliaye kwamba rien "hasa" ni "kitu", kwa kuwa Kilatini kilisema hivyo, hukosea vilevile: asili ya neno hueleza lilikotoka, bali maana yake huamuliwa na watumiaji.