Sala ya Waamini Katika Kwaresima: Ilikotoka, na Jinsi Ilivyotufikia



Wengi wetu hudhani kwamba sala ya waamini ililetwa na Mtaguso wa pili wa Vatikano. Sivyo. Mtaguso uliirudisha tu. Sala hii ni mzee kuliko Misale, ni mzee hata kuliko Kwaresima yenyewe, na kwa muda wa karne nyingi iliponea katika siku moja ya mwaka, nayo ni Ijumaa Kuu. Kwa kuwa katika yubile yetu wengine wameandika juu ya majengo na hesabu ya ubatizo, mimi nimeona vema kueleza habari za maombi haya, maana hayana ukuta wala bati ya kuonyesha wageni.

Mtakatifu Yustino, aliyeandika Roma karibu na mwaka wa 155, anaeleza kwamba mtu akiisha kubatizwa aliongozwa mahali walipokusanyika ndugu, naye akaomba pamoja nao kwa ajili ya watu wote. Tuliangalie jambo hilo vizuri. Kazi ya kwanza ya mbatizwa mpya ilikuwa kuombea wengine. Wakatekumeni hawakuwa na ruhusa hiyo, kwa sababu kuombea ulimwengu mbele ya Mungu ni kazi ya kikuhani, na anayeifanya lazima awe amekwisha kuingia katika mwili wa Kristu. Ndiyo maana ikaitwa sala ya waamini. Yustino yuleyule anasema tena kwamba siku ya Dominika matoleo yaliwekwa mikononi mwa kiongozi, akawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Waliotajwa katika sala hawakusahauliwa katika kapu.

Desturi ya kufunga nayo ilifuata njia hiyo. Kitabu cha Herma, kilichoandikwa Roma katika karne ya 2, kinamfundisha mwenye kufunga ahesabu gharama ya chakula alichojinyima, kisha ampe mjane au yatima. Siku arobaini zinatajwa na Mtaguso wa Nisea mwaka wa 325, na katika karne ya 5 Papa Leo Mkuu alihubiri kila Kwaresima kwamba mfungo usio na sadaka ni njaa tu.

Katika karne hiyohiyo Prospero wa Akwitania alishuhudia kwamba Eklezia yote iliwaombea wasioamini, waabudu sanamu, Wayahudi, wazushi na wakatekumeni. Mpangilio huo ni ule wa maombi makubwa ya Ijumaa Kuu. Baadaye, katika Misa ya Roma, sala ya waamini ilinyamaza. Wataalamu wengi huona kwamba litania zilizoingia wakati wa Papa Gelasio (492-496) zilichukua nafasi yake, na za hizo tulibakiziwa Kyrie peke yake. Lakini Ijumaa Kuu hakuna aliyethubutu kuigusa. Kila mwaka shemasi aliwaamuru watu wapige magoti, kisha wakainuliwa, na padri akaomba kwa ajili ya Eklezia, Papa, maaskofu na taifa lote la Mungu, wakatekumeni na wengineo. Sala mojawapo ilimwomba Baba aondoe magonjwa, afukuze njaa, afungue magereza, akate minyororo, awarudishe kwao walio safarini.

Misale hiyo ndiyo iliyovuka Ziwa Tanganyika pamoja na Mapadri Weupe. Walianza Kibanga mwaka wa 1883, wakapokea Mpala mwaka wa 1885. Wakati ule misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita katika nchi hii, na kati ya watu wa misioni walikuwamo watoto waliokombolewa. Basi tufikiri: watu waliokuwa na makovu ya kamba shingoni walipiga magoti Ijumaa Kuu, na padri akasoma kwa Kilatini sala ya kukata minyororo. Lugha hawakuielewa. Lakini hakuna watu duniani waliokuwa na haki kuliko wao ya kusikia maneno yale. Hata sala ya mwisho, ile ya kuwaombea wapagani waache sanamu, ilikuwa ikitaja wazee wao waliobaki vijijini. Walikuwa wakiombewa wao na ukoo wao. Mwaka wa 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Paris, London na Bruxelles akihubiri juu ya utumwa, na mwaka wa 1890 Papa Leo XIII aliagiza mchango wa kila mwaka siku ya Epifania kwa ajili ya kazi hiyo. Siyo Kwaresima, najua, lakini ni kanuni ileile ya Yustino: sala na kapu.

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza katika Kongo ya nyakati hizi. Tangu siku ile mtoto wa nchi hii aliweza kuimba mwenyewe maombi ambayo jana yake yaliimbwa kwa ajili yake.

Mageuzi yaliyofuata nitayapita upesi. Kwa agizo la mwaka wa 1955, Pio XII aliihamisha ibada ya Ijumaa Kuu kutoka asubuhi hadi alasiri. Mwaka wa 1959 Yohane XXIII aliondoa neno lililowadharau Wayahudi. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso uliagiza sala ya waamini irudi siku za Dominika na sikukuu, waombewe Eklezia, watawala, wenye taabu, na wokovu wa watu wote. Misale ya 1970 ikaweka maombi kumi kwa Ijumaa Kuu. Misale ya majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa mwaka wa 1988, ikatupa kusali kwa mwendo wa nchi yetu.

Sasa neno juu yetu sisi. Ombi la tisa ni la watawala, na wako wanaonung'unika wakilisikia. Mtume Paulo aliagiza wafalme waombewe katika siku ambazo Kaisari hakuwa rafiki wa Wakristu, kwa hiyo nung'uniko hilo halina msingi. La kumi ni la walio katika taabu, na hapo naona hatari nyingine, ya kulisoma mbio kama tangazo. Mwaka wa 2025 Goma ilitekwa mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari. Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 Machi. Kwaresima ile watu wa mashariki walioomba kwa ajili ya wakimbizi walikuwa wakiombea wakwe zao, wajomba zao, na wengine walikuwa wakijiombea wenyewe. Msomaji anayenakili karatasi ya mwaka juzi hawezi kuwataja watu hao.

Misale inaruhusu Alhamisi Kuu matoleo ya maskini yaletwe altareni pamoja na mkate na divai. Unga wa muhogo, chumvi, sabuni, mavazi ya watoto. Jumuiya ndogo ndizo zijuazo nyumba zenye wageni waliokimbia, na majina yao yapasa kufika kwa msomaji kabla ya Ijumaa.