Rada isiyoiona Mwanza

Mwishoni mwa Machi 1979, katika vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kumsaidia Idi Amin. Ililenga ghala la mafuta Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakamjeruhi mfanyakazi mmoja na kuua swala kadhaa. Mji ulipona kwa bahati tu. Kwa hiyo anayesema nchi inahitaji macho ya kutazama anga, Mwanza hatumbishii. Tunauliza tu: macho gani, na kwa bei gani?

Serikali ya Mkapa ilichagua rada ya Watchman ya BAE Systems, pauni milioni 28. Uingereza ikatoa kibali cha mauzo Desemba 2001, wiki chache baada ya Tanzania kukubaliwa msamaha wa madeni. Waziri wao Clare Short alipinga, akashindwa. Utetezi wa kwetu ulikuwa kwamba mtambo huo ungehudumia jeshi na ndege za abiria kwa pamoja. Wataalamu wa ICAO, walioombwa na Benki ya Dunia kuupima, wakasema ni ghali mno na kwa usafiri wa kiraia hautoshi.

Tumezoea kusema rahisi ghali, tukadhani na ghali lazima iwe bora. Wapi! Ubora hupimwa kwa kazi. Rada ilifungwa Dar es Salaam. Mwanza iko kama kilomita 850 kutoka huko, nje kabisa ya upeo wake. Ndege ya 1979 ingerudi, isingeiona.

Mwaka 2010 BAE ilikiri mahakamani London kwamba haikutunza ipasavyo hesabu za malipo kwa wakala wake, zaidi ya dola milioni 12. Pauni milioni 29.5 zikarudi kununua vitabu na madawati. Wananchi wakaziita "chenji ya rada".

Mwaka 2017 ukasainiwa mkataba na Thales ya Ufaransa: rada nne za kiraia, Dar es Salaam, KIA, Songwe na Mwanza, kwa shilingi bilioni 60 na ushee. Kwa thamani ya fedha ya wakati huo, zote nne hazikufikia bei ya ile moja. Ya jeshi na ya kiraia hazilingani moja kwa moja, sawa. Lakini pengo hilo linadai maelezo.

Jeshi lina haki ya siri zake. Ila hata mwaloni Kirumba, hakuna anayelipia gunia la dagaa kabla ya kulifungua.